Kitunguu kitoeni, na nyama na wali peke yake bado si mlo wa mbwa

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi si mtu wa kuandika barua magazetini, hii ndo ya kwanza, ila makala yenu ya kupikia mbwa nyumbani imenikera mpaka nikaona bora niandike kuliko kuendelea kunung'unika peke yangu jikoni. Mwandishi wenu kasema chemsha nyama na wali, tupia karoti, ongeza kitunguu kidogo kinukie, mpe mbwa wako atakushukuru. Atashukuru ndio, mbwa hata soksi ukimpa anashukuru.

Nianze na kitunguu maana hicho hakisubiri. Kitunguu maji, kitunguu saumu, majani yake, kibichi, cha kupikwa, cha unga, vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupika hakuondoi hiyo sumu. Halafu ubaya wake hauji palepale. Zinaweza kupita siku kadhaa ndo unaona fizi zimepauka, mnyama kalegea tu, mkojo umekuwa wa kahawia, na wewe ushasahau kabisa mambo ya kitunguu. Najua kipande kidogo mara moja kwa mbwa mkubwa kinaweza kupita bila neno, lakini nyie hamkusema mara moja, mmeandika mapishi ya kila siku.

Sasa nije kwenye kilichoniuma zaidi. Miaka kadhaa nyuma nilichukua mtoto wa mbwa, ana miezi mitatu, nikasema huyu hali vya kwenye mfuko, huyu nitampikia mwenyewe kama mtoto wa nyumbani. Nikawa namchemshia nyama ya kuku safi isiyo na mfupa, wali, karoti, karibu kilekile alichoandika mwandishi wenu (kitunguu tu ndo sikuweka, kwa bahati, wala si kwa akili). Akawa anakula mpaka analamba sufuria, manyoya yanang'aa, kila mtu ananisifu. Alivyokaribia miezi sita akaanza kuchechemea. Nikadhani karuka vibaya kwenye ngazi. Wiki mbili baadaye hataki kuinuka, ukimgusa mguu analia. Kwa daktari wa mifugo akapigwa eksirei, mifupa imekuwa myembamba imefifia unaiona kama kivuli cha mfupa, na mmoja una ufa. Daktari hakuuliza kaanguka wapi, kaniuliza "mama, huyu anakula nini?" Nikajibu kwa majivuno kabisa, nampikia mwenyewe. Akanyamaza kwanza.

Alichonieleza ndo nataka wasomaji wenu wakijue. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Gramu 100 za nyama ya kuku bila mfupa zina fosforasi kama miligramu 200 hivi, kalsiamu haifiki hata miligramu 20. Mbwa anatakiwa kupata kalsiamu angalau sawa na fosforasi, au izidi kidogo. Asipoipata kwenye chakula mwili hauwezi kuacha damu ipungukiwe, kwa sababu moyo na misuli vinaitegemea, kwa hiyo unaenda kuikopa kwenye mifupa, leo kidogo kesho kidogo, na deni halilipwi. Ndo maana kipimo cha damu cha mbwa wangu kilionyesha kalsiamu iko sawa tu, mi nikafurahi, kumbe iko sawa kwa sababu mifupa ndo inayolipia. Kwa mbwa mzima inaweza kuchukua muda mrefu bila kuonekana, ila kwa anayekua ni miezi tu. Tulimfungia sehemu ndogo asiruke wala kukimbia, akahamishiwa chakula kamili cha watoto wa mbwa, akapona, ila mguu mmoja mpaka leo umepinda kidogo ukimwangalia kwa nyuma.

Mtu atasema weka maganda ya mayai. Sawa, yanasaidia, ukiyakausha ukayasaga unga laini kabisa kijiko kimoja cha chai kina kalsiamu kama miligramu 2,000. Lakini hicho kijiko kwa mbwa wa kilo 10 ni cha zaidi ya siku mbili, si cha kila mlo, na ukizidisha kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa unamharibia mifupa vilevile, kwa upande wa pili. Halafu ganda halina zinki, halina vitamini D, halina vitamini E wala madini joto. Vitamini D hasa watu wanajidanganya nayo, wanasema mbwa wangu anaota jua kutwa nzima. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kumtosha kama yetu, lazima aile.

Na msidhani shida iko kwenye mapishi yenu tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walichapisha matokeo ya kupima mapishi 200 ya mbwa ya kupikwa nyumbani, kutoka vitabuni na mtandaoni. Yaliyofikisha virutubisho vyote vya mbwa mzima yalikuwa 9. Tisa! Na 8 kati ya hayo yameandikwa na madaktari wa wanyama, japo kuna madaktari wengine wengi tu ambao mapishi yao nayo yalianguka. Kuna wanaosema ukibadilishabadilisha mapishi wiki hii hili wiki ijayo lile vitajazana vyenyewe. Havijazani, kwa sababu mengi yanapungukiwa na vitu vilevile.

Nimeshaambiwa pia kwamba mbwa wa zamani walikula makombo na hawakufa. Walikufa sana, ila nani alikuwa anawapiga eksirei. Na wale walikuwa wanazurura, wanajiongezea wenyewe panya, matumbo na mifupa mibichi. Wa kwangu analala kwenye kochi, anachokula ni kile nilichompa mimi, nikikosea hana pa kujazia. (Mifupa ya kupikwa hapana jamani, inavunjika vichane vikali vinatoboa utumbo.)

Kwa haki nimpe mwandishi pale alipopatia. Wanaosema mbwa asile wali kwa sababu babu yake ni mbwamwitu wanakosea, mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu, hiyo ni kazi ya kuishi na watu miaka elfu na elfu. Kuku na wali kwa mbwa anayeharisha ni sawa kabisa, siku chache. Siku chache, si mwaka.

Na sijaacha kupika, msije mkanielewa vibaya. Napika kila Jumapili. Ila saivi nina mapishi niliyoandikiwa na daktari wa lishe ya wanyama kwa uzito wake na umri wake, nina mizani ya jikoni kwa sababu nikikadiria kwa jicho naongeza nyama kila mara, huruma tu, na nina unga wa madini na vitamini ambao daktari mwenyewe ndo aliuchagua. Ini naweka kidogo sana kwa sababu likizidi vitamini A inamrundikia mwilini. Vyote nasaga pamoja, maana nikiacha vipande anachagua nyama anaacha boga, na unga wote unabaki kwenye boga. Cha siku tatu kinakaa friji, kingine friza. Mabadiliko ya chakula nilifanya polepole kama siku 10, na vizawadi vya kati havizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zake za siku. Asiyeweza usumbufu huu anunue chakula kamili cha dukani bila kuona aibu, mi nilimpenda wangu kuliko mtu yeyote na ndo nilimvunja mguu.

Vingine ambavyo makala haikuvitaja kabisa: zabibu mbichi na kavu zinaua figo, chokoleti nayo ni sumu kwa mbwa, na ile sukari bandia inaitwa zailitoli iliyoko kwenye bigijii zisizo na sukari na baadhi ya siagi za karanga, hiyo inaweza kushusha sukari ya mbwa ndani ya saa moja.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mhariri, si refu kama barua. Chapisheni sahihisho la kitunguu, hata kwenye kona ndogo chini ya matangazo, toleo lijalo, msisubiri nafasi. Mi mwenyewe zamani mapishi ya namna hii nilikuwa nakata gazetini nabandika kwenye mlango wa friji, na najua kuna mtu keshaukata huo ukurasa wenu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpishi wa mbwa mmoja