Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: tunafaulu fasihi bila kusoma vitabu

Shikamoo Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, kombi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo fasihi nakutana nayo mara mbili, kwenye Kiswahili ipo na kwenye Kiingereza ipo. Nimeamua nikuandikie wewe moja kwa moja kwa sababu walimu wetu tukiwaambia haya wanatuelewa vizuri tu na wengi wanakubali kabisa, ila wanasema wao wanafundisha kufuatana na pepa linavyokuja, na sisi tunasoma kufuatana na wao wanavyofundisha, basi nikaona mtu wa kuongea naye ni yule anayeweza kuwaita watu wa mitaala na watu wa mitihani wakakaa meza moja.

Mheshimiwa, mwanafunzi anaweza akapata A ya fasihi na hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Nawajua, nimekaa nao dawati moja, na ni watu wenye akili wala sio wavivu. Swali la riwaya linakuja kwa umbo lilelile, kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma thibitisha kauli fulani, hoja tatu kutoka kila kitabu. Hoja zenyewe zinajulikana. Kwa hiyo mtu anatafuta kitini cha uchambuzi, anameza dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa, anahamia kwenye fani anameza muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, jina la kitabu, anamalizia na kile kipengele cha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, halafu anaingia chumba cha mtihani anashusha yote. Na anapata. Sasa na wewe mwenye kitabu mkononi, uliyekaa nacho wiki nzima ukakosa usingizi, unajikuta unaambiwa na wenzako kwamba unapoteza muda, na ukiangalia matokeo unaona hawajakosea sana.

Ngoja nitoe mfano wa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ile riwaya ya 1999. Kwenye vitini Yasmin ni msichana jasiri, anapinga ndoa za kulazimishwa, anafaa kuigwa na jamii. Denge ni mwanaharakati, ana msimamo, anafaa kuigwa na jamii. Mwajuma naye ana upendo, anafaa kuigwa na jamii. Basi, imeisha hiyo. Lakini ukiingia ndani ya kitabu unamkuta binti mdogo kabisa kaozwa kwa mzee, kakimbia, ndugu zake wenyewe hawamtaki tena, anaishia kupokelewa na Mwajuma kwenye chumba cha Ng'ambo, Unguja ya enzi za Waingereza, halafu anampenda mwanaume ambaye moyo wake wote uko kwenye kupigania uhuru na polisi wanamwinda. Sisi bwenini tulibishana sana, je Yasmin alikuwa jasiri tangu mwanzo au hakuwa na pa kwenda ndo akajikuta jasiri? Kuna aliyesema jasiri wa kweli ni Mwajuma, maana yeye hakuwa na kitu na bado alifungua mlango. Mwingine akasema Denge hakumtendea haki Yasmin, kama ulijua huna nafasi ya mapenzi kwa nini umwache mtu akupende, wakazozana mpaka matroni akaja. Ule ubishi Mheshimiwa ndo fasihi, na hamna hata sehemu moja ya pepa ambapo ungeweza kuuandika ukapata maksi, kwa sababu jibu linalotafutwa ni lile la anafaa kuigwa na jamii.

Na huo ubishi ulianza kwa namna ambayo nataka uijue. Nakala tuliyokuwa tunazungushiana ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho, imepita kwenye mikono ya watu wengi mno. Kuna binti mmoja bwenini kwetu alikuwa amekisoma chote likizo, basi usiku baada ya prepo, yaani muda wa kujisomea, taa zikizimwa tunajazana kwenye vitanda vya karibu naye anatusimulia. Anakuigizia yule polisi Koplo Matata anavyofoka, anashusha sauti Yasmin akiwa na huzuni, akiona tumenyamaza sana anachomekea utani, akiona mtu anasinzia anamuuliza swali. Siku nyingine anakatisha pazuri makusudi, tunalala tunalalamika. Hakuna aliyemfundisha. Haikupita muda tukapewa jaribio la fasihi simulizi, swali linasema eleza sifa za fasihi simulizi, yaani huwa na fanani (msimuliaji) na hadhira ana kwa ana, hubadilika kulingana na wakati na mazingira, huhifadhiwa kichwani, ni mali ya jamii, na kadhalika, na yule binti akafeli lile swali. Yeye ambaye ndo fanani mwenyewe! Tuliokuwa hadhira yake tukapata, kwa sababu tulikariri orodha. Liliniuma sana lile jambo na mpaka leo sijui jinsi ya kumwambia kwamba ile fasihi anaijua kuliko sisi wote, maana karatasi yake inasema vingine.

Kuanzia kidato cha kwanza tunachora ule mchoro wa tanzu na vipera, yaani aina za fasihi simulizi na matawi yake, hadithi zinagawanyika ngano, soga, visasili, visakale, tarihi, semi nazo methali, vitendawili, nahau, misimu, mafumbo, sanaa za maonyesho nazo majigambo, miviga, utani, ngonjera. Kidato cha tano unauchora tena. Mimi sina shida na mchoro, mtu anayesoma kitu lazima ajue kukipanga. Shida yangu ni kwamba kwa miaka yote hiyo sikumbuki kipindi ambacho mwalimu alisema leo fungeni madaftari, nani ana ngano ya kwao atusimulie. Ngonjera tunaitunga na kuikariri pale tu mgeni rasmi anapokuja kwenye mahafali, ngoma ni hivyohivyo, akishaondoka vinarudi stoo mpaka mwakani. Wakati darasani humo mna Wahaya, Wagogo, Wamakonde, Wasukuma, Wazaramo, Wahehe, kila mmoja na bibi yake na babu yake, ngano za sungura tu zingetutosha muhula mzima na kila mtu angegundua sungura wa kwao anafanana na wa jirani na pia anatofautiana naye. Wale mabibi na mababu hawatusubiri, tunawazika kila mwaka na ngano zao.

Ushairi ndo sijui nisemeje. Tunahesabu mizani, nane kushoto nane kulia, kina cha kati, kina cha mwisho, kituo, tunaandika hili ni shairi la tarbia kwa sababu kila ubeti una mishororo minne, tunahamia linalofuata. Alikuja mwalimu wa mazoezi ya kufundisha, kijana tu wa chuo, tulikuwa na diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji mezani, akasema kabla hatujachambua lolote ngoja niwaghanie, akaghani. Darasa zima kimya. Ndo kwa mara ya kwanza nikasikia kwa nini mizani zipo, nikaelewa kwamba kile kina tunachokipigia mstari kwa kalamu nyekundu kiliwekwa pale kwa ajili ya sikio. Na akatuambia habari za Haji Gora mwenyewe, mtu wa Tumbatu, aliyewahi kuwa mvuvi na baharia, hakuwa na shule kubwa ya darasani na akawa mshairi ambaye vyuo vikuu vinamsoma, amefariki 2021. Kipindi kile kilikuwa cha dakika 40 kama vingine vyote na mpaka leo tunakiongelea.

Au chukua ule mgogoro wa ushairi. Sisi tunaujua kama jedwali la safu mbili, tofauti kati ya ushairi wa kimapokeo na wa kisasa. Mimi nilipokuja kujua kwamba Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi 1974 watu wazima wenye heshima zao walibishana kweli, wengine wakisema yasiyo na vina na mizani sio mashairi kabisa, nilishangaa, nikasema mbona hii ni stori nzuri hivi na tumepewa mifupa yake tu. Na huyohuyo, riwaya yake ya Rosa Mistika ya 1971 iliwahi kuzuiwa mashuleni, baadaye ikaja kusomeshwa. Hebu fikiria mjadala ambao darasa la wasichana lingeufanya kuhusu hilo, kitabu kinachomzungumzia msichana, walikizuia kwa nini, na walikirudisha kwa nini.

Mheshimiwa naomba nisieleweke vibaya kwenye suala la Kiingereza, nakipenda na nakisoma kwa bidii, lakini kwa vile masomo karibu yote ya sekondari ni ya Kiingereza na shule nyingi zinakataza kuongea lugha nyingine nje ya kipindi cha Kiswahili, methali tunabaki kuzikuta kwenye karatasi tu. Methali inataka isemwe pale jambo linapotokea, mtu kachelewa, mtu kamdharau mwenzake, hapo ndo inaingia. Ukikatazwa kuisema mahali pake utaijulia wapi. Hata siku moja ya wiki, mchana wote, ingesaidia.

Maktaba pia niseme kidogo. Nimeona shule yenye maktaba nzuri tu, ila kufuli liko mlangoni na ufunguo anao mwalimu mmoja ambaye ana vipindi vingi na darasa la kusimamia, kwa hiyo inafunguliwa wakija wakaguzi. Simlaumu mwalimu, kitabu kikipotea anaulizwa yeye. Lakini kitabu kisichopotea kwa sababu hakuna anayekigusa kina faida gani?

Sasa ninachoomba. Cha kwanza kinahusu mtihani, maana mtihani ukibadilika na sisi tutabadilika ndani ya muhula mmoja, hilo nakuhakikishia. Wenzetu Kenya kwenye mtihani wao wa kidato cha nne wanapewa dondoo, maneno yametolewa ndani ya kitabu kama yalivyo, wanaambiwa eleza muktadha wa dondoo hili, nani kasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Nao wana miongozo yao najua, ila dondoo linakulazimisha uwe umepita kwenye kurasa zenyewe. Na sisi tupewe ukurasa mmoja wa riwaya, tuulizwe hapa kunaendelea nini na mwandishi kwa nini kaandika hivi na sio vile, na mwanafunzi mwenye mawazo tofauti asinyimwe maksi kama ameyatetea kwa ushahidi wa kitabu. Kitini hakiwezi kukusaidia hapo.

Cha pili, fasihi simulizi ipimwe kwa mdomo. Kwenye alama za maendeleo kuna kazi za mradi, basi kila mwanafunzi aende likizo akakusanye ngano au nyimbo au vitendawili kutoka kwa mtu mzima wa kwao, aandike kamsikia nani na ilikuwa shughuli gani, akirudi asimame mbele ya darasa asimulie au aimbe, apewe maksi za kusimulia. Mtaala ulioboreshwa ambao ulianza Januari 2024 unasisitiza umahiri, na mimi sioni umahiri gani wa fasihi ulio mkubwa kuliko mtu kuweza kushika masikio ya watu hamsini. 

Na vitabu. Orodha ikikaa muda mrefu vitini vinarithiwa, dada anampa mdogo wake, mdogo mtu hana tena haja ya kukiona kitabu. Najua kubadilisha vitabu vya nchi nzima ni gharama kubwa, kwa hiyo siombi vyote viondoke, naomba kimoja tu kiwe cha kuchagua, mwanafunzi asome anachopenda na akiandikie kwa maneno yake. Tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walipatikana 2023, kazi zao zifike kwetu kwa wingi, sio nakala moja ya ofisini. Abdulrazak Gurnah kazaliwa Unguja, kapata Nobeli ya fasihi 2021, na riwaya yake moja ipo kwa Kiswahili sasa, inaitwa Peponi, inamhusu kijana Yusuf ambaye baba yake anamtoa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni. Nimewauliza wenzangu darasani nani kaishika, hakuna.

Mwisho Mheshimiwa, ukija kutembelea shule tunakusomea risala, nzuri, imeandikwa na kukaguliwa na walimu kabla. Siku hiyo ukishasikiliza risala naomba uulize ufunguo wa maktaba uko wapi, uingie na wanafunzi wachache bila walimu, uwaulize kitabu gani wamekisoma mpaka mwisho, na kinaishaje.

Nashukuru kwa kunisoma.

Mwanafunzi wako,
Kidato cha sita, HKL