Shukrani kwa mama muuza korosho wa Mtwara

Mama yangu, shikamoo popote ulipo. Siku ya mahafali ya darasa la saba umeme ulikatika, spika ikanyamaza katikati ya wimbo wa taifa, watoto wakabaki kuangaliana. Wewe ulikuwa getini na beseni lako la korosho. Ukalitua chini, ukajifunga kanga vizuri, ukaudaka Mungu Ibariki Afrika pale pale ulipokatikia. Uwanja mzima ukakufuata. Tuni ile Enoch Sontonga aliitunga mwaka 1897 huko Afrika Kusini, nami nimeiimba tangu utotoni, lakini siku hiyo mwili wote ulinisisimka. Baba yangu, mzee asiyelia hata msibani, alifuta machozi kwa kofia yake. Nilipokutafuta nikushukuru, ulishaondoka. Asante sana, mama.