Hadithi za ndagu zimtazame na aliyetolewa

Mhariri,

Hadithi yenu ya mfululizo ya yule mvuvi wa kisiwani aliyechukua ndagu, yaani uchawi wa utajiri unaodai mtu atolewe kafara, akatajirika imekwisha Jumapili, na hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba gazeti lilizunguka vibanda vyote mpaka likachanika. Mwandishi anajua kumvuta msomaji, sina ugomvi na kalamu yake. Ugomvi wangu ni kwamba watoto watatu wa yule tajiri wamekufa ndani ya aya moja, hata majina hawakupewa, halafu wiki nzima tukaonyeshwa mabasi yake, gesti yake na namna alivyopata wazimu akala majani.

Nilifundisha Fasihi sekondari kabla sijaachiwa mitumbwi na marehemu mume wangu. Visa vya watu waliopatana na shetani nimevisoma vingi, na waandishi wetu wangefaidika wakiona wenzao walivyokigeuzageuza kimoja, kile cha Faust. Mtu wa jina hilo alikuwepo kweli huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 16, mpiga ramli wa kutangatanga, ndugu yao hawa wanaobandika namba za simu kwenye nguzo za umeme. Mwaka 1587 mchapaji wa Frankfurt, Johann Spies, akatoa kitabu cha habari za Faust huyo: msomi anatia saini kwa damu yake mwenyewe, shetani anamtumikia miaka 24, muda ukiisha anamchukua mwili na roho. Kitabu kilikusudiwa kuwatisha waumini. Hadithi zetu nyingi za ndagu bado zimesimama hapo hapo.

Marlowe, Mwingereza, alikichukua kisa hicho akakifanya tamthilia ndani ya miaka michache tu. Ninachompendea ni kwamba aliuliza huyo bwana hiyo miaka aliifanyia nini. Alitaka kuitawala dunia. Akaishia kumzaba Papa kofi akiwa haonekani, kumletea mke wa mtawala mmoja, aliyekuwa mjamzito, zabibu katikati ya msimu wa baridi, na kumuuzia mtu farasi ambaye akiingizwa majini anageuka kuwa nyasi. Uhuni wa mnadani! Kisha saa inagonga, ni saa tano usiku, na tunakaa naye akihangaika mpaka saa sita. Alisaini mwenyewe, anakwenda mwenyewe.

Kwa Goethe, Mjerumani, mambo yanabadilika. Sehemu ya kwanza ya tamthilia yake ilitoka 1808, ya pili ikatoka 1832 akiwa ameshafariki. Humo Faust na Mephistopheles, ndiye shetani mwenyewe, wanawekeana dau, na mwisho malaika wanampokonya shetani roho aliyokuwa akiingoja. Faust anaokolewa. Wasomi wanausifu sana mwisho huo. Mimi nilikuwa nahesabu maiti. Gretchen, binti wa watu aliyetongozwa na Faust, mama yake anakufa kwa dawa ya usingizi iliyotoka kwa Faust. Kaka yake anachomwa upanga barabarani. Kichanga chake anakizamisha mwenyewe akili zikiwa zimemruka, akafungwa akingoja kuuawa. Baadaye Faust, sasa mzee tajiri, anairudisha bahari nyuma apate ardhi. Jirani yake kuna wazee wawili, Philemon na Baucis, na kibanda chao, miti yao na kikanisa chenye kengele inayomkera. Wamekataa kuhama. Anaagiza wahamishwe, kibanda kinateketea, wazee wanakufa pamoja na mgeni wao, naye anasema hakuagiza hivyo. Watu wa ufukweni tuliowahi kusikia neno “mradi” hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia. Muda si mrefu Faust, kipofu sasa, anasikia makoleo yakichimba anafurahi, akidhani ni kazi ya mfereji wake. Ni kaburi lake.

Ninayetaka mwandishi wenu amsome kwa makini ni Thomas Mann. Riwaya yake ya Faust, ya 1947, inampa mtunzi wa muziki miaka ile ile 24, kwa sharti kwamba asimpende mtu. Akampenda mpwa wake, mtoto mdogo mwenye maneno matamu. Mtoto anashikwa na homa ya uti wa mgongo, na Mann hapiti haraka. Anatukalisha pale, tusikie mtoto anavyolia kwa kichwa.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Msimu mmoja upepo ulipindua mtumbwi wetu, wenzake wakaokolewa, kijana mmoja hakurudi. Jaketi lake la kuokolea lilikutwa limefungwa kwenye ubao aliokuwa akikalia. Wavuvi wengi hufanya hivyo, wanakalia badala ya kuvaa. Kabla matanga hayajaanuliwa mtaa ulikuwa umeshajua: mama mitumbwi katoa mtu. Na kwa kuwa wanunuzi wa Kongo walipandisha bei ya dagaa wiki zile zile, ushahidi ukatimia. Mama wa kijana tulikuwa tunaanika dagaa chanja moja. Akawa akiniona anavuka barabara. Habari za upepo hakuuliza mtu, wala za jaketi.

Na kuna makubwa kuliko jina langu kuchafuka. Katika kanda hii watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu mtu fulani aliambiwa vinavuta samaki na dhahabu. Mwaka 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli kwa ajili hiyo. Katika mapatano ya namna hiyo shetani sijamwona. Nimeona mteja, nimeona mganga, na mtu wa tatu ambaye hakutia saini popote. Huyo wa tatu ndiye hadithi zetu zinamruka. Mwandishi Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe ng’ambo hapo, katika riwaya yake ya Rosa Mistika hakuhitaji jini ili kutuonyesha Rosa anavyoangamia.

Basi mfululizo ujao tajiri apewe ile aya moja, mtoto apewe kurasa: jina lake, darasa analosoma, nani alimsuka nywele asubuhi ile. Mwandishi akitaka kuona maisha yenyewe aje Mwaloni. Asije wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inakuwa imelala. Aje siku za giza, jioni, watu wakijaza mafuta na kujaribu taa. Chai na chapati nitalipa mimi, ila ajiandae: kitu cha kwanza wavuvi watakachomuuliza ni kama hiyo ndagu ameshaiona kwa macho yake.

Mama mitumbwi,
Kirumba, Mwanza