Tujulishwe msimu unapoingia sokoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe ombi ambalo baadhi ya wasomaji huenda wakaliona dogo. Gazeti lako hutuletea thamani ya dola, matokeo ya TP Mazembe na habari za malori ya mpakani Kasumbalesa, na yote hayo tunayahitaji. Hata hivyo, mtu anaweza kulisoma mwezi mzima wa Desemba, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, asijue kwamba uyoga umeshaanza kuuzwa katika soko la Njanja, wala kwamba matunda ya masuku yamejaa katika soko la mtaa wetu wa Kenya. Ninaomba ifunguliwe pembe ndogo, hata ikiwa ya mistari sita, itakayotueleza ni chakula gani cha kwetu kimeingia sokoni, kimetoka wapi na fungu moja linauzwa kwa bei gani.

Ninaliomba hili kwa sababu mwaka wetu wa Lubumbashi una ladha nyingi, nasi tunaupitia kama abiria aliyelala ndani ya gari la moshi. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, hukoma karibu na Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu pamoja na baridi ya Juni na Julai, na hakuna kipindi kinachokuja mikono mitupu.

Nianze na uyoga, kwa kuwa ndio unaonitia uchu kuliko vyote. Mvua za kwanza zikishailoweka ardhi, hutokea ule wa kwenye vichuguu, ambao aina yake moja huweza kupanuka hadi karibu mita 1, ikatosha chakula cha nyumba nzima. Huo hulimwa na mchwa wenyewe chini ya ardhi, juu ya mabaki ya miti na majani wanayoyakusanya. Baadaye hufuata ule wa rangi ya chungwa, ambao huishi kwa kushikamana na mizizi ya mutondo, muputu na miti mingine ya msitu wetu: mti huupa sukari, nao huusaidia mti kufyonza maji na virutubisho vya udongo. Ndiyo maana hatuuoni bustanini. Tajiri mwenye mgodi akiutamani ukiwa mbichi mwezi wa nane, atabaki kuutamani pamoja na mlinzi wa lango lake.

Mama anayeuuza huupanga kwa mafungu juu ya gunia, ukiwa bado na majani makavu na udongo mwekundu kwenye mashina. Nyumbani unauosha mara kadhaa hadi maji yatoke bila mchanga, unauchana kwa vidole badala ya kuukata kwa kisu, kisha unauweka katika sufuria bila kuongeza maji, maana una maji yake ya kutosha. Yakikaribia kukauka, unatia kitunguu, nyanya, chumvi na karanga zilizotwangwa, na kuuacha juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, yenye moto mdogo mpaka mafuta ya karanga yaanze kuelea. Wakati huo bukari, yaani ugali, uwe umeshapikwa, kwa kuwa uyoga hauna subira ya kungoja kesho. (Kwa wanaojifunza niongeze tu kwamba uyoga hununuliwa kwa mama anayeujua msitu, kujiokotea kando ya njia ni hatari, kwani zipo aina zinazoua.)

Masuku nayo ni ya Novemba na Desemba: unapasua ganda kwa meno, unanyonya nyama yake ya njano na kutema mbegu, na watoto wanaotoka shuleni hawahitaji kufundishwa namna ya kuyala. Maembe huja karibu wakati huohuo. Mahindi mabichi na majani ya maboga hufuata, na baridi ikiingia kuna viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na chai.

Kinachonisikitisha ni karamu zetu. Iwe Januari, iwe Julai, mezani utakuta wali, kuku wa friza aliyevuka bahari, samaki wa tomson na saladi yenye mayoneze nyingi, kwa sababu mwenye arusi anaogopa kuitwa maskini. Huko nyuma jikoni, akina mama wanaopika wamejiwekea sahani ya viwavi, yaani finkubala, vilivyokaangwa kwa chumvi na pilipili mpaka vikakauka vizuri, na wageni mashuhuri wanaojua siri hiyo huanza kutafuta sababu za kupita jikoni. Sijui kwa nini sahani hiyo haistahili kuletwa mezani. Habari za afya nawaachia waganga. Mimi nazungumzia utamu.

Wengine watasema kwamba vyakula hivi ni ghali kuliko tomson. Kwa siku za kwanza za msimu wanasema kweli, maana uyoga wa mwanzo hugombaniwa. Lakini bei hushuka unapoanza kuletwa kwa wingi kutoka barabara ya Kasenga na ya Likasi, na mnunuzi asiyejua siku hizo hulipa bei ya mwanzo au hukosa kabisa. Pembe ninayoiomba ingemsaidia yeye kwanza, na pia mama muuzaji ambaye jioni hulazimika kuuza kwa hasara mzigo usioweza kulala.

Kuna jambo moja zaidi ambalo gazeti lingeweza kulionyesha bila kutuhubiria. Nyumba nyingi za mji huu hupikia makala, yaani makaa ya miti, na makala hayo yanatokana na mutondo na muputu ileile inayotupa uyoga na kulisha finkubala. Mti ukikatwa, uyoga ulioshikamana na mizizi yake hauna tena pa kuishi, na mchumaji hana budi kwenda mbali zaidi. Mkichapisha kila msimu jina la kijiji ambako uyoga umetoka, na umbali wake kutoka mjini, baada ya miaka michache msomaji ataweka matoleo mawili kando kwa kando na kuona mwenyewe msitu umesogea kiasi gani. Hesabu hiyo inanivutia zaidi ya hotuba nyingi za siku ya mazingira.

Ikiwa waandishi wako hawana muda wa kupita masokoni, wapo wasomaji wanaoweza kuwasaidia. Mimi hununua chakula cha nyumbani Katuba kila Ijumaa, na niko tayari kuwaletea bei za siku hiyo bila malipo, mradi apatikane mwingine wa Ruashi na mwingine wa soko la Mzee Kabila, kwa sababu bei hazilingani. Naandika haya mwishoni mwa Februari, mahindi mabichi yakiwa yameanza kuingia. Mngeweza kuanza nayo katika toleo lijalo, na kuwaeleza wasomaji ni soko gani huyapokea asubuhi yangali na majani yake.

Wako,
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi