Msimu wa Thabeet pale UConn, zaidi ya bloku

Hartford, Connecticut

Mdogo wangu Rashidi,

Salaam nyingi. Wazee wafikishie shikamoo yangu, na watoto wote wasalimie.

Umeniuliza habari za Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu wa mpira wa kikapu, maana una kijana mrefu hapo timuni na kila anayepita uwanjani anamwambia azuie mipira kama yeye. Basi nikueleze msimu wake wa tatu na wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), Marekani, ule wa 2008–09. Huko nyumbani husimuliwa bloku tu, yaani mashuti aliyoyazuia, na bloku ni nusu ya habari.

Kwanza ujue msimu wa chuo unavyokwenda. Mechi huanza Novemba, na mpaka karibu mwisho wa Desemba chuo hucheza zaidi na wapinzani kiliowapanga chenyewe. Januari hadi mwanzoni mwa Machi ni ligi. UConn walikuwa ligi ya vyuo iitwayo Big East, na mwaka ule timu tatu kati ya nne zilizopewa namba moja kwenye mashindano ya taifa, moja kwa kila kanda, zilitoka humo: Louisville, Pittsburgh na UConn wenyewe. Baada ya ligi huja kombe la ligi, halafu mtoano wa taifa, ambao wakati huo ulikuwa na timu 65. Ukifungwa mara moja umekwisha. Mechi ni vipindi viwili vya dakika 20, si robo nne kama mnavyocheza ninyi, na mchezaji hutoka kwa faulo ya tano. Hilo la faulo tano ndilo linalomuumiza senta, yule mrefu anayekaa karibu na ringi, kuliko mtu yeyote.

Thabeet alikuwa na futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21. Msimu ule wastani wake ulikuwa pointi 13.6, ribaundi (mipira ya kurudi kutoka ubaoni) 10.8 na bloku 4.2. Dhidi ya Providence, Januari 31, alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10 katika mechi moja. Lakini faida yake kubwa haiandikwi kwenye karatasi ya takwimu: magadi wa UConn, wale wachezaji wa nje, waliweza kumbana mwenye mpira karibu sana nje, kwa sababu akiwapita anamkuta Thabeet amesimama mbele ya ringi. Wapinzani wengi wakiingia ndani waligeuza njia, wakarusha mpira kabla ya wakati au wakautoa tena nje.

Kijana wako asiruke kila anapoona mpira ukiinuliwa. Asubiri mpigaji aachie ardhi kwanza, aruke wima, mikono juu, kifua kisimwegemee mtu. Na mpira asiupige kwa nguvu hadi nje ya uwanja, watu wakashangilia bure. Ukitoka unarudi kwa walewale. Augonge kidogo umwangukie mwenzake, shambulizi lianzie hapo.

Sasa dawa ya kumshinda Thabeet. Kufikia katikati ya Februari UConn walikuwa wameshinda 24 na kufungwa moja tu, wakishika namba moja nchini. Februari 16 wakaja Pittsburgh na DeJuan Blair, mtu wa futi 6 na inchi 7 tu lakini mzito na mpana. Blair hakushindana naye hewani. Alishuka chini, akamkalia mapajani kwa nyonga kabla shuti halijapigwa, akamsogeza mbali na ringi. Mpira uliporudi kutoka ubaoni, urefu wa Thabeet ulikuwa hauna kazi. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda 76–68. Machi walirudiana, Pittsburgh wakashinda tena, 70–60. Senta mrefu mwenye miguu mikavu atapata taabu hiyo popote, hata kwenye ligi ya mkoa.

Jambo la pili lililowaumiza UConn, baada ya Blair, ni goti la mchezaji wao Jerome Dyson. Aliumia dhidi ya Syracuse siku tano kabla ya mechi hiyo ya Blair, na msimu ukaishia hapo kwake. Alikuwa gadi mfungaji na mkabaji mzuri wa nje. Alipokosekana, benchi likawa fupi. Kijana Kemba Walker, mwaka wake wa kwanza, akabeba dakika nyingi zaidi, na alizibeba vizuri: pointi 23 dhidi ya Missouri, mechi iliyowapeleka nne bora. Kwa maoni yangu goti lile liliwagharimu zaidi ya Blair.

Machi 12, New York, kwenye kombe la ligi, walicheza na Syracuse mpaka vipindi sita vya nyongeza vya dakika tano tano. Jumla dakika 70, wakafungwa 127–117. Wiki moja baadaye wakaanza mtoano wa taifa kwa kuwapiga Chattanooga 103–47, huku kocha Jim Calhoun akiwa hospitali. Wakapita Texas A&M, Purdue na Missouri. Aprili 4, nusu fainali, Detroit jimboni Michigan, wakakutana na Michigan State waliokuwa kama nyumbani, uwanja una watu zaidi ya 72,000. Michigan State walikimbiza mpira kila walipopata ribaundi, wakabadilisha wachezaji mara kwa mara, hata Thabeet akawa hajarudi nyuma mashambulizi yanafika. Ikaisha 82–73. Msimu: ushindi 31, vipigo 5. Juni timu ya Memphis ikamchukua Thabeet wa pili katika uteuzi wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Kijana wako mpe zoezi hili mara tatu kwa wiki: mmoja arushe mpira ubaoni, yeye amkute mpinzani kwanza kwa mgongo, magoti yamekunjwa, na asiuguse mpira mpaka udunde chini mara moja. Mwekee mpinzani mfupi mnene, si mrefu mwenzake. Kisha mbio za kurudi golini kwake, kutoka ringi hadi ringi, sita kwa mkupuo, apumzike dakika moja, arudie.

Niandikie ana urefu gani na uzito gani.

Kaka yako,
Salimu