Barua ya wazi kwa bin ami, kabla ya sikukuu ya Jamhuri

Bin ami,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na mkeo na watoto uwafikishie. Habari kwamba skuli imekukabidhi kwaya itakayoimba tarehe 12 Disemba nimezipata kwa watu, maana simu zangu huzipokei. Hongera. Kwa sikio la muziki ukoo mzima hakuna wa kukushinda, na hili nimelisema miaka mingi, hata mbele ya wale wasiopenda kulisikia. Najua pia hupendi mambo ya nyumbani yatolewe barazani. Lakini maneno ya arusi ya Kisauni, kwamba wimbo wa taifa aliutunga Mzungu, uliyasema kwa maikrofoni, hema zima likasikia. Jibu lake siwezi kulinong'ona.

Tuanze na Mzungu wako. Alikuwapo, simkatai. Aliitwa Graham Hyslop, ofisa wa muziki na maigizo kwenye idara ya elimu, na Kiswahili alikijua kuliko wengi wanaomtaja leo. Ndiye aliyeandika tamthilia ya Afadhali Mchawi. Mwaka 1963 alikuwa katika kamati ya watu watano iliyopewa kazi ya kuipatia Kenya wimbo. Wenzake wanne huwataji kamwe. Alikuwapo George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda aliyefundisha muziki Kenya na baadaye akaandika kitabu kuhusu muziki wa jadi wa nchi hii. Alikuwapo Thomas Kalume, kasisi, mtu wetu wa Pwani, ambaye baadaye aliingia bungeni. Alikuwapo Peter Kibukosya, mtunzi na mpangaji wa nyimbo za kwaya, na Washington Omondi, aliyekuja kuwa profesa wa muziki baada ya kuifanyia utafiti thum, ile ala ya nyuzi ya Waluo.

Kwa hiyo Mzungu ni mmoja kati ya watano. Na hao watano kazi yao ilikuwa maneno na upangaji wa sauti. Tuni hawakuitunga.

Tuni ni bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Ni wimbo wa mama aliyempakata mwana asiyetaka kulala, na anayetajwa kuwa ndiye aliyeileta mbele ya serikali ni mzee wa Kipokomo, Meza Galana. Magazeti yalimwandika uzeeni mwake kama mtu aliyesahauliwa. Yakamwandika tena alipofariki. Kati ya hapo na hapo, wangapi katika sisi tunaosimama wima kila Jumatatu skulini tuliwahi kulisikia jina lake? Wewe umefundisha kwaya miaka yote hiyo, bin ami, na hukuwahi kulitia kwenye karatasi ya ratiba.

Nchi nyingi zilizopata uhuru miaka ile zilishika njia nyepesi. Wengine walimpa kazi mtu mmoja mwenye piano, akawaletea kitu cha gwaride. Tanganyika mwaka 1961 ilichukua tuni ya Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Johannesburg, aliyeitunga mwaka 1897 kwa mtindo wa nyimbo za kanisa. Ni nzuri, nayo ina heshima yake. Kenya ilikwenda kuokota kitu cha jikoni, cha wanawake, kisichokuwa na mtunzi anayejulikana, ikakipa ngoma ya bendi. Usiku wa kuamkia 12 Disemba 1963, pale Nairobi panapoitwa sasa Uhuru Gardens, bendera ya Uingereza iliteremshwa mbele ya Prince Philip, ya Kenya ikapanda, na bembelezi ya Tana ikapigwa mbele ya dunia.

Na hapa kwetu? Mwaka huohuo bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilikuwa bado yapepea Ngomeni, Mombasa. Mkataba wa kuutia Mwambao, ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani, ndani ya Kenya ulitiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963, wiki tisa tu kabla ya uhuru. Wazee wetu waligombana kwa ajili ya Mwambao hadi kunyimana salamu, wewe wajua ni nani na nani. Wakati wao wanabishana kama Pwani ni Kenya, Kenya ilikuwa tayari yajifundisha kuimba tuni ya Pwani. Hilo ndilo linalonikera ninaposikia mtu wa Mombasa, tena mwenye sikio kama lako, asema wimbo ule "wa bara" au "wa Mzungu". Kipokomo, Kigiriama na Kiswahili chetu wataalamu wa lugha huviweka kundi moja, la Sabaki. Ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa lile jambo lenyewe.

Mheshimiwa alipoingia hemani ukaamuru watu wasimame, ingawa arusi si mkutano wa siasa, lakini haya, ndiyo mambo ya siku hizi. Kijana wako wa kinanda akabonyeza. Nyanyake bi arusi, Mpokomo aliyetoka Garsen kwa basi na miguu imemvimba, hakuimba "Ee Mungu nguvu yetu". Aliimba maneno ya kwao, taratibu, mkono wa kushoto ukipiga pajani kama aliyempakata mtoto. Tuni ileile. Watu wa meza yake wakageuka. Wimbo ulipokwisha akasema, kwa furaha kabisa, "Hii yetu, twalazia watoto." Nawe ukacheka kwenye maikrofoni, ukasema, "Nyanya, huu aliutunga Mzungu, kaa ule biriani." Hema likaangua kicheko. Yule mama alivuta ushungi wake mbele, akakaa. Ile biriani haikuguswa.

Amefariki mwezi uliopita. Hukwenda mazishini, na wala sikulaumu kwa safari. Njia ya Garsen wakati wa mvua twaijua. Nalaumu kicheko.

Usiniulize kwa nini sikusimama siku ile. Arusi ya watu haivunjwi kwa hoja za historia, na kama ningekujibu pale, leo ungekuwa waeleza kwamba mimi ndiye niliyeharibu shughuli. Nilinyamaza kwa ajili ya bi arusi. Mwenye haki ya kunilaumu kwa hilo ni yeye, naye hajafanya hivyo.

Halafu kumbuka ulikuwa wamwambia nani. Wapokomo hawa ndio walionyang'anywa Ngadji, ngoma yao kubwa ya heshima, na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Iko British Museum, London, hadi leo. Ngoma ilichukuliwa haikurudi, bembelezi ikachukuliwa haikutajwa, kisha ajuza wao anakuja arusini Kisauni kuambiwa tuni ni ya Mwingereza.

Utasema, "Basi wataka walipwe?" Swali zuri, na jibu lake si jepesi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaipa kazi ya muziki ya serikali ulinzi wa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotolewa, kwa hiyo hesabu ya wimbo wa 1963 iliishia 2013. Kinachoulinda sasa ni sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa, na Katiba ya 2010, ambayo kifungu cha 9 kinautaja kuwa alama ya taifa na Jedwali la Pili linayaandika maneno yake yote. Ndiyo maana mwaka 2021, kampuni moja ya muziki ya Uingereza ilipodai haki juu ya wimbo huu kwenye YouTube, kelele zilikuwa kubwa na bodi yetu ya hakimiliki ikalazimika kutoa tamko. Ajabu ni kwamba tulikasirika Mwingereza alipodai wimbo mtandaoni, na wewe ulimpa bure hemani. Lakini bembelezi yenyewe ni kitu kingine. Ni mali ya jamii, na tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inayotambua haki ya jamii kutajwa kuwa wenye chao. Kutaja hakuna gharama. Ni mstari mmoja wa wino.

Sasa kwaya. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu makosa haya nayasikia kila sikukuu pale Mombasa, na mengi yanatokana na kutojua kwamba kilicho mbele yako ni wimbo wa kulazia mtoto.

Kwanza, zima kinanda. Tuni hii ni ya maina (minor), na kwenye solfa nota ya nyumbani kwake ni la, si do. Kijana wako huanza kwa kodi, yaani nota zinazopigwa pamoja, ya meja (major) kwa sababu ndiyo vidole vyake vilivyoizoea. Ile nota ya kati hupanda nusu toni, na kwaya inabaki yaimba kitu kimoja huku kinanda chasema kingine. Watoto huona wamekosea wao, wakapandisha, na kufika ubeti wa pili kila mtu ana ufunguo wake. Wape la, waivumishe midomo imefumbwa, kisha waipande la, ti, do polepole mpaka ile do isimame imara bila kuvutwa juu. Ikisimama hiyo, wimbo mzima umesimama.

Usiupandishe ufunguo ili tarumbeta zing'ae. Kwaya ya watoto wa darasa la sita na wavulana waliovunja sauti haina nafasi ya juu, itapasuka katikati ya ubeti. Afadhali ushushe na alto zisikike.

Pumzi. Mistari ni sita kila ubeti, na watoto huvuta pumzi mwisho wa kila mmoja kama wanaosoma orodha ya majina. Katika ubeti wa pili hilo huua maana: "Nchi yetu ya Kenya, tunayoipenda, tuwe tayari kuilinda" ni sentensi moja. Wafundishe kuvuta pumzi baada ya "kwa nguvu", ya kutosha, kisha wazigawane pumzi kwa safu: safu ya mbele ivute baada ya "Kenya", ya nyuma baada ya "tunayoipenda", sauti isikatike. Na katika ubeti wa kwanza asivute mtu pumzi kati ya "ngao" na "na mlinzi".

Maneno. Ni "Natukae na undugu", wao huimba "tukae" na kubaki na nota moja isiyo na silabi, kisha wakaijaza kwa "eee". Ni "Kenya istahili heshima", wao husema "yastahili". Ubeti wa pili wengi hawaujui. Husikia "Amkeni" kisha wananung'unika mpaka "Natujenge". Uanze huo kufundisha, kabla ya wa kwanza. Wa kwanza wanaujua tangu chekechea.

Mwendo usiwe wa gwaride wala wa maombolezo. Ukitaka kuupima, tembea na mtoto mabegani, huku na huku, bila haraka. Ndio mwendo wenyewe. Bendi za shaba huuburuta kwa sababu wapigaji hungoja pumzi zao. Ukipewa bendi siku ile, kubaliana na kiongozi wao mapema jinsi ngoma ya kufungulia itakavyolia na wewe utashusha mkono lini, la sivyo nusu ya watoto wataingia ngoma ikilia na nusu ikinyamaza. Na ukumbuke baada ya wimbo wa taifa huja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watoto wasikae.

Mpangilio wa sauti nne ninaokupelekea umeandikwa kwa mkono, una solfa chini ya kila sauti. Usiubadilishe bila kuniuliza. Najua utaubadilisha.

Na kwenye ratiba, chini ya "Wimbo wa Taifa", uandike: tuni, bembelezi ya Wapokomo, kupitia Mzee Meza Galana, maneno na mpangilio, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, 1963. Mshereheshaji aisome kwa sauti. Mwalimu mkuu akisema ni ndefu, punguza hotuba ya mwenyekiti wa wazazi, hakuna atakayelalamika.

Bi arusi bado yuko Kisauni, na anaijua bembelezi yote kwa maneno ya kwao. Mwombe aje mazoezini awaimbie watoto kabla hawajashika karatasi. Uende wewe mwenyewe, usimtume kijana wa kinanda. Akikataa ana haki yake.

Nota ziko kwa dada yako Makadara, kwenye bahasha ya kaki. Uzipitie kabla ya Ijumaa, Jumamosi anasafiri Lamu.

Wako, wa ami yako