Malaika wa Blythburgh hawakupigwa na Cromwell, walipigwa na wenye kanisa

Mhariri, salaam.

Ile makala yenu ya kanisa la Blythburgh huku Suffolk, Uingereza, iliyosema askari wa Cromwell, yule jemadari wa Kiingereza wa karne ya 17, waliwafyatulia risasi malaika wa mbao waliochongwa kwenye paa, bila shaka mnaikumbuka maana mliipa kurasa mbili nzima na kichwa cha habari cha kutisha. Mi ni msomaji wenu wa miaka mingi, nasoma nanyamaza, mmeshaandika mambo ya ajabu nikasema aah waacheni, na wao binadamu. Hii hapana. Naishi Ipswich, kanisa lile naenda kila nikipata mgeni, na siku hizi kila mgeni anakuja na hadithi yenu kwenye simu.

Tuanze na matundu. Yapo kweli, ukiwa na darubini utayaona, na marisau yenyewe, zile chembe ndogo za risasi, mengine yalikuwa bado yamezama humo humo kwenye mbao. Lakini paa lilipotengenezwa mwaka 1974 yale marisau yaliangaliwa, ikaonekana ni ya aina ya karne ya 18. Sasa Cromwell na karne ya 18 wapi na wapi jamani, keshaoza! Halafu kitabu cha mahesabu cha kanisa lenyewe, mwaka 1761, kimeandika malipo ya kupiga risasi kunguru. Ndo hao. Kunguru wadogo wa huku wenye kijivu kisogoni, na mtu wa Dar au Unguja sina haja ya kumweleza kunguru akishaizoea nyumba inakuwaje. Wenye kanisa wakachoka, wakaita watu wa magobore, kunguru wakaruka, malaika wakabaki pale pale na matundu yao.

Mwandishi wenu kachanganya na William Dowsing. Huyo alifika kweli, Aprili 1644, na hakutumwa na Cromwell, alitumwa na Earl wa Manchester, jemadari wa jeshi la Bunge, kwenda kuondoa kila kilichoitwa ushirikina makanisani, akazunguka Cambridgeshire na Suffolk, na uzuri wake (kama ana uzuri) alikuwa anaandika kwenye daftari kila alichovunja. Pale Blythburgh kaandika picha, kaandika misalaba, kaandika na makerubi 20, ndo malaika hao, washushwe. Washushwe! Bunduki hakuitaja. Katoa amri kaondoka zake. Na paa lile liko juu hasa, kumfikia malaika mmoja unataka majukwaa, mafundi na hela, inaelekea watu wa pale hawakuwa na haraka hiyo. Tena bunduki ya askari wa wakati ule ilitoa risasi moja nene, ingempata malaika wa mbao kungebaki vitundu vidogo vidogo kweli? Ingebaki kuni.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta mimi. Kaja shemeji yangu kutoka Coventry na wanawe, nikawabeba kwenye gari mpaka Blythburgh, nia yangu watoto waone kitu cha maana maana hawa watoto wanajua viwanja vya mpira tu. Na pale pana vya kuona. Kijiji kidogo lakini zamani palikuwa na bandari ya mtoni na biashara ndo maana kanisa likawa kubwa hivyo, karibu lote la karne ya 15, mnara tu ndo wa zamani zaidi, kuta za gumegume, ndani hakuna tao la kukata kati ya watu na altare, ukisimama mlangoni mwisho unaona mwanzo mpaka mwisho. Madirisha ya juu 18 kila upande, mwanga unamwagika. Paa karibu bapa, boriti bado zina rangi yake ya zamani, vimaua vyekundu na kijani vimefifia, na katikati ya boriti malaika wawili wawili wamepeana mgongo, mmoja anatazama mashariki mwenzake magharibi, mbawa wazi. Halafu mabenchi, kwenye ncha zake zimechongwa dhambi, bahili kakalia sanduku lake la pesa, mlafi kashika tumbo, mvivu yuko kitandani, na msengenyaji ulimi nje, hapo kwenye ulimi nikamkumbuka mwandishi wenu. Basi shemeji hata hajakaa kitako katoa simu, anawasomea watoto makala yenu kwa sauti ya muhubiri, askari walilenga, askari walicheka, sijui farasi walifungwa kwenye nguzo. Nikamwambia taratibu, shemeji hiyo ya bunduki siyo, ni kunguru. Akanitazama juu mpaka chini, "Wewe fundi bomba unajua kuliko gazeti?" Mbele ya watoto! Kulikuwa na bibi mmoja wa pale kanisani anapanga maua, nikasema haya muulize mwenyeji, akamuuliza, yule bibi kwa upole kabisa akamwambia ni kunguru, akamwambia na mwaka. Shemeji akaitikia yes yes, asante sana. Tumefika nje kwenye gari ananiambia hawa Wazungu huwa wanaficha historia yao. Wanaficha! Watu ambao kitabu chao wenyewe ndicho kinachowashtaki, wangetaka kuficha si wangekuacheni nyinyi mmsingizie Cromwell na wao wakakaa kimya? Tangu siku hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia naitwa Mzee Kunguru, na watoto wale shuleni wataandika ya kwenu, siyo ya kwangu.

Ya mbwa mweusi wa kishetani, mliyesema kaingia kanisani kaacha alama za kucha mlangoni, sitaki hata kuyagusa. Tarehe 4 Agosti 1577 ilipiga radi kubwa watu wako ibadani, ncha ya mnara ikaporomokea ndani, watu wakafa, siku hiyo hiyo na watu wa Bungay, mji wa jirani, yakawakuta. Alama nyeusi kwenye mlango wa kaskazini zipo. Kucha za shetani mmeziona nyinyi.

Na tukiwa hapo hapo kwenye paa, kuna jambo linaniudhi zaidi na hamkuliandikia hata mstari. Paa linakula pesa. Karne ya 19 lile kanisa lilikuwa linavuja mpaka inasimuliwa watu walikuwa wanafungua miavuli ibadani, 1881 likafungwa kabisa kwa kuwa hatari, likafunguliwa 1884, na katikati hapo ugomvi mtupu kwa sababu William Morris na chama chake cha kulinda majengo ya kale hawakutaka mafundi walifanye jipya. Leo msidhani serikali ya Uingereza ndiyo inayolipia kuezeka makanisa ya parokia, mzigo mkubwa ni wa watu wa parokia wenyewe, wazee wanauza keki na jemu, huku wezi wanapanda usiku kwenye mapaa ya makanisa kung'oa madini ya risasi yaliyoezekewa wakauze chakavu. Sasa mgeni anaingia, anatafuta matundu ya Cromwell, anapiga selfi, anatafuta kucha za mbwa, anapiga selfi, sanduku la michango liko mlangoni pale pale analipita kama mlinzi wa benki asiyemjua. Shemeji yangu naye alilipita. Nilitoa mimi, fundi bomba.

Kwa hiyo nataka yafuatayo. Masahihisho yatoke ukurasa ule ule, herufi zile zile nene, na pale mlipoweka picha ya Cromwell mweke kunguru, awe wa kisogo cha kijivu msije mkatuletea kunguru wa kwenye stoo ya picha zenu. Huyo mwandishi mkatieni tiketi ya treni kutoka Ipswich mpaka Darsham, hapo atafute teksi mwenyewe, akifika alale chali kwenye benchi la mvivu na darubini yake ahesabu matundu yote, Januari, hita hakuna wa kumwashia kwa ajili yake tu. Akimaliza aweke pauni ishirini kwenye sanduku, za mfukoni mwake siyo za ofisi, na risiti asiombe.

Fundi bomba,
Ipswich, Uingereza